Kutoka Nkoma hadi Ngome Kongwe: Tamasha la Filamu na Faida Yake kwa Watengenezaji

Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, ambalo wengi hulitaja kwa kifupisho chake cha ZIFF, liliasisiwa mwaka 1997 na kufanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1998. Miongoni mwa waasisi wake alikuwamo Emerson Skeens, Mmarekani aliyehamia Unguja na kufungua hoteli Mji Mkongwe. Tangu mwanzo lilibeba pia jina la Tamasha la Nchi za Jahazi, na jina hilo ndilo lililoweka mipaka yake: Afrika Mashariki, Uarabuni, Uajemi, Bara Hindi na visiwa vya Bahari ya Hindi, yaani pande zilizofikiana kwa karne nyingi kwa pepo za kaskazi na kusi. Tuzo yake kubwa ni Jahazi la Dhahabu. Kando ya filamu kumekuwa na muziki, semina, maonyesho ya sanaa na mashindano ya ngalawa, hata mgeni wa mara ya kwanza huweza kudhani kwamba filamu ni kisingizio tu cha sherehe. Sivyo. Anayelihitaji tamasha kuliko wote ni yule aliyetengeneza filamu na hana pa kuionyesha.

Maonyesho makubwa hufanyika Ngome Kongwe, boma ambalo Waomani walilijenga baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Ndani yake kuna ukumbi wa wazi wenye ngazi za mawe za kukalia. Onyesho haliwezi kuanza kabla giza halijaingia, kwa hiyo watu hufika baada ya Magharibi: familia zenye watoto, vijana wa mjini, wageni wa hotelini, wanafunzi, na katikati yao waongozaji na waigizaji wenyewe. Mwongozaji anayeketi hapo usiku filamu yake inapoonyeshwa hupata kitu ambacho chumba cha kuhariria hakiwezi kumpa. Anasikia watu wanapocheka mahali ambapo hakutegemea kicheko. Anaona wanapoanza kujigeuzageuza na kutoa simu mfukoni. Anagundua kwamba mazungumzo aliyodhani yamenaswa vizuri yanapotea kabisa kwenye spika kubwa, kwa sababu alikuwa akiyasikiliza kwa visikizi vya masikioni miezi yote. Usiku mmoja wa namna hiyo humfundisha zaidi ya sifa za marafiki mwaka mzima.

Tanzania si nchi iliyokuwa haijui sinema. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza Notcutt na Latham waliendesha mradi wa majaribio wa filamu za elimu kwa Waafrika, wakazitembeza kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na kusini zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilitengenezwa Tanganyika filamu za Kiswahili kama Muhogo Mchungu, na mmoja wa waigizaji wake alikuwa Rashidi Kawawa, ambaye mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu wa nchi. Miji ya pwani na ya bara ilikuwa na majumba ya sinema yaliyofurika kwa filamu za Kihindi. Mwanahistoria Laura Fair ameandika kitabu kizima juu ya utamaduni huo. Serikali iliunda Kampuni ya Filamu Tanzania mwaka 1968, na enzi hiyo ilituachia kazi kama Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985. Kisha ikaja video. Majumba yakafungwa moja baada ya jingine, na ZIFF ilipoanza, Mtanzania aliyetaka kuona filamu ya Kiafrika kwenye skrini kubwa alikuwa hana pa kwenda.

Pengo hilo lilizibwa kwa namna yake na filamu za Bongo. Kuanzia Girlfriend ya mwaka 2003, na baadaye kwa nyota kama Steven Kanumba, aliyefariki mwaka 2012, Dar es Salaam ilizalisha filamu za video kwa wingi, zikauzwa kwa kanda, kisha kwa VCD na DVD. Soko hilo lilikuwa la mbio. Filamu ilipigwa kwa muda mfupi, ikagawanywa sehemu ya kwanza na ya pili ili iuzwe mara mbili, na mara nyingi mtayarishaji alimkabidhi msambazaji haki zote kwa malipo ya mara moja. Nakala bandia zilimaliza kilichobaki. Filamu hizo zilipendwa kwa dhati, na zinastahili heshima kwa kuwa ziliwapa Watanzania sura zao wenyewe kwenye runinga zao. Lakini soko lenyewe halikuwa na mahali ambapo filamu ilipimwa kwa ubora wake. Ilipimwa kwa kava.

Mbali na soko hilo la Dar es Salaam kuna sehemu kama Nkoma, kata ya wilaya ya Itilima katika mkoa wa Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 na kuwekwa makao makuu yake Bariadi. Ni nchi ya pamba na ng'ombe, na lugha ya nyumbani ni Kisukuma. Picha zinazotembea hufika sehemu kama hizo kwa njia ya king'amuzi, kwa simu, na kwa kibanda umiza: chumba cha mabenchi na runinga, kiingilio kidogo, mpira wa Ulaya mwishoni mwa juma, na siku nyingine filamu za kigeni zilizotiwa sauti ya Kiswahili na mtafsiri anayesimulia juu ya picha, ufundi ambao nchini Tanzania jina lake kubwa ni Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu. Siku za mnada, nyimbo za video za wasanii wa Kisukuma huingizwa kwenye memori kadi na flashi, mteja akisubiri. Kwa hiyo kijana wa pale mwenye kamera hakosi kazi. Anapiga harusi, misiba, ngoma, na video za waimbaji. Anajifunza kuangalia mwanga wa jua kali la mchana na kuweka kamera mahali ambapo umati hautamziba.

Shida inaanza pale anapotengeneza filamu yake mwenyewe, isiyoagizwa na mtu. Haimhusu bwana harusi wala msanii. Hakuna aliyelipa, na hakuna atakayeinunua mnadani. Akiipeleka Dar es Salaam kwa mtu wa televisheni ataulizwa imewahi kuonyeshwa wapi. Akiiombea ruzuku ataulizwa hilo hilo. Biashara ya filamu huendeshwa na watu wasiofahamiana, wanaotakiwa kutoa fedha kwa kitu ambacho bado hakipo, na katika hali hiyo kila mmoja hutafuta mtu mwingine aliyeona kabla yake akaridhika. Kazi ya tamasha ni kuwa huyo mtu wa kwanza. Faida nyingine zote za tamasha kwa mtengenezaji, tuzo zikiwamo, zinatokana na hiyo.

Usukuma wenyewe una utaratibu wa zamani unaosaidia kuelewa jambo hili. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, vinavyofuata nyayo za waganga mashuhuri Ngika na Gumha, hushindana kwa kucheza wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja. Watazamaji ndio majaji: kundi linalovuta umati mkubwa zaidi ndilo lililoshinda, na anayehama kutoka upande huu kwenda ule amepiga kura kwa miguu yake. Matamasha mengi ya filamu hufuata njia nyingine. Huteua jopo la majaji wachache, aghalabu waongozaji, waigizaji na wahakiki, wanaojifungia na kukubaliana. Lakini Tamasha la Toronto, mojawapo ya makubwa kabisa duniani, liko karibu zaidi na Usukuma kuliko na Cannes, kwa maana heshima yake ya juu tangu 1978 ni tuzo ya watazamaji, na wasambazaji wa Marekani huiangalia kwa makini sana. Mtengenezaji anapaswa kujua tamasha analoliendea linapima kwa njia ipi. Filamu ya polepole yenye ukimya mwingi inaweza kuheshimiwa na jopo na isivute umati. Ya vichekesho inaweza kujaza ukumbi na jopo lisiitaje.

Tamasha lenyewe kama taasisi si la zamani sana. Venice ilianza mwaka 1932, Cannes mwaka 1946 baada ya vita kuahirisha mpango wa 1939, Berlin mwaka 1951. Afrika haikukawia: Carthage nchini Tunisia ilianza 1966, na FESPACO ya Ouagadougou mwaka 1969. Matamasha hayo mawili ya Kiafrika yalizaliwa na swali zito kuliko la biashara. Nchi zilikuwa zimepata uhuru, lakini kumbi za sinema ziliendelea kuonyesha filamu za Ulaya, Marekani na India, na waongozaji wa Kiafrika kama Ousmane Sembène hawakuwa na skrini nyumbani kwao. Tamasha likawa ukumbi wa taifa usiokuwapo. ZIFF ni mtoto wa fikra hiyo kuliko wa Cannes, na Martin Mhando, mwongozaji na mwanazuoni wa Kitanzania aliyeliongoza kwa miaka mingi, alilifungulia mlango pia kwa filamu za Bongo, zikapewa tuzo zao ndani ya tamasha. Wapo waliolalamika kwamba kiwango kitashuka. Uamuzi ulikuwa sahihi: tamasha la Zanzibar lisilo na nafasi kwa filamu ambazo Watanzania wenyewe wanazitazama lingekuwa la wageni.

Namna filamu inavyochaguliwa haina siri, ingawa wengi huiona kama bahati nasibu. Miezi kadhaa kabla ya tamasha hutangazwa muda wa kupokea filamu. Siku hizi maombi mengi hupitia jukwaa la mtandaoni la FilmFreeway, ambako mtengenezaji hupakia filamu yake mara moja, hujaza maelezo, kisha huchagua matamasha na kulipa ada ya kila moja. Matamasha kadhaa huwasamehe ada wanafunzi au waombaji kutoka nchi fulani, lakini lazima mtu aandike barua na kuomba. Wateuzi hutazama filamu nyingi mno kwa muda mfupi. Huko ndiko dakika tano za mwanzo zinapopata uzito wake. Picha ndefu ya ndege isiyo na rubani ikizunguka juu ya mji, muziki ukipanda, majina ya wafadhili yakipita mmoja mmoja, ni njia ya uhakika ya kumchosha mteuzi kabla hadithi haijaanza.

Maelezo mafupi ya filamu hayapaswi kuandikwa kwa haraka usiku wa mwisho. Ndiyo yatakayochapishwa kwenye kitabu cha tamasha, yatakayosomwa na mwandishi wa gazeti, na yatakayomfanya mnunuzi aamue kuingia ukumbi huu au ule wa jirani. Pamoja nayo hutakiwa picha chache kali za matukio ya filamu, si picha za waigizaji wakipozi na wafanyakazi wa filamu, na taarifa fupi ya mwongozaji. Mtu wa Nkoma ana faida hapa asiyoiona. Wateuzi wamechoka na hadithi ambazo zingeweza kutokea mji wowote. Hadithi inayojua bei ya kilo ya pamba ilivyopokewa kituo cha mauzo, au mzozo wa wanakijiji na fisi au tembo wanaotoka upande wa Serengeti, haina mpinzani mezani.

Lugha nayo ni sehemu ya matayarisho. Filamu ya Kisukuma ni halali kabisa kwenye tamasha la kimataifa, na hakuna sababu ya kuwalazimisha wazee wazungumze Kiswahili cha redio mbele ya kamera. Lakini lazima iwe na maandishi ya tafsiri chini ya picha, kwa Kiingereza na ikiwezekana kwa Kiswahili. Ufundi wake una kanuni zake: mistari isizidi miwili kwa wakati mmoja, kila mstari usizidi herufi zipatazo arobaini, na maandishi yabaki kwenye skrini muda wa kutosha kusomeka. Mzee anaposema methali kwa maneno manne, mfasiri asiyejua huandika sentensi tatu za maelezo. Mtazamaji huishia kusoma na kukosa uso wa mzee. Maandishi ya tafsiri yaliyojaa makosa yameziangusha filamu nyingi nzuri za Afrika Mashariki, na ni kosa linaloweza kurekebishwa kwa gharama ndogo kuliko jingine lolote.

Kuna sharti jingine ambalo huwaumiza vijana wasioambiwa mapema. Matamasha makubwa hutaka filamu ambayo haijaonyeshwa hadharani popote, au angalau haijaonyeshwa katika nchi au bara lao. Filamu iliyokwisha kupakiwa YouTube kwa ajili ya ndugu na marafiki imeshaonyeshwa dunia nzima. Mtengenezaji anayefikiria matamasha huanza na yaliyo juu kwenye orodha yake, husubiri majibu, kisha hushuka. Yaliyo wazi kwa wote na YouTube huja mwisho. ZIFF na matamasha mengine mengi ya Afrika si makali kwa jambo hili kama Cannes au Venice, na hiyo ni rehema kwa mwenye filamu ndogo.

Njia ambayo filamu inaweza kupita inaonekana vizuri katika kazi za Amil Shivji. Filamu yake ndefu ya kwanza, T-Junction, ilifungua ZIFF ya mwaka 2017, tamasha lilipotimiza mara ya ishirini. Iliyofuata ilikuwa Vuta N'kuvute, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999 juu ya Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mume mzee, na Denge, kijana mwanaharakati, katika Zanzibar ya siku za mwisho za ukoloni. Filamu hiyo ilionyeshwa Toronto Septemba 2021, na mwaka uliofuata Tanzania iliiwasilisha kuwania Oscar ya filamu bora ya kimataifa. Mara ya mwisho nchi kufanya hivyo ilikuwa 2001, kwa Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill. Miaka 21 kati ya filamu moja na nyingine ni mingi mno kwa nchi yenye hadithi nyingi na watu wengi namna hii, na haikutokana na uhaba wa vipaji. Kilichokosekana ni ngazi ya kupandia, na tamasha la nyumbani ni kidato chake kimojawapo.

Kenya ilijenga ngazi hiyo kwa bidii zaidi katika muongo wa 2010. Warsha za mwongozaji Mjerumani Tom Tykwer na wenzake jijini Nairobi, kupitia One Fine Day Films, zilizaa filamu moja baada ya nyingine, na kila moja ilikuwa na tamasha lake: Soul Boy ya Hawa Essuman ilikwenda Rotterdam mwaka 2010, Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga ilikwenda Durban mwaka 2012, ambako Joseph Wairimu alipata tuzo ya mwigizaji bora, Kati Kati ya Mbithi Masya ilipata tuzo ya wahakiki wa kimataifa huko Toronto mwaka 2016, Supa Modo ya Likarion Wainaina ilionyeshwa Berlin mwaka 2018. Hiyo ya mwisho ni hadithi ya msichana mgonjwa anayeota kuwa shujaa wa sinema na kijiji kinachoamua kumtengenezea filamu. Haina magari yanayolipuka. Mandhari yake ni kijiji ambacho Msukuma yeyote angekitambua kama cha kwao, na bado Berlin iliipokea.

Kanda ya Ziwa yenyewe imewahi kufika kwenye matamasha makubwa, lakini kwa mikono ya wengine. Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, raia wa Austria, ilipigwa Mwanza juu ya biashara ya sangara, ikaanzia Venice mwaka 2004, ikatembea dunia nzima na kuteuliwa kuwania Oscar. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliikosoa hadharani kwa jinsi ilivyoichora nchi, na Mwanza watu waliandamana. Mwaka 2013 White Shadow ya Noaz Deshe, hadithi ya kijana mwenye ualbino anayewindwa, ilipata huko huko Venice tuzo ya filamu ya kwanza ya mwongozaji. Mateso ya watu wenye ualbino katika mikoa ya ziwa yalikuwa ya kweli na yalistahili kusemwa kwa sauti kubwa. Hata hivyo, kwa watazamaji wengi wa Ulaya huenda filamu hizo mbili ndizo pekee walizowahi kuona kuhusu sehemu hii ya Tanzania: samaki, silaha, na mauaji. Hotuba ya rais haiwezi kuifuta picha iliyokwisha kuonekana. Inayoweza kusimama kando yake ni picha nyingine, iliyopigwa na mtu anayejua kwamba huko Itilima watu pia hupanda pamba, huoa, hugombana na wakwe na kucheza ngoma hadi alfajiri, na ikapita kwenye skrini zile zile. Wenye kuilalamikia Darwin's Nightmare wangefanya vyema kumlipia nauli kijana mmoja wa Simiyu kwenda Zanzibar na filamu yake.

Nauli ni neno zito. Tamasha huwalipia wageni wachache, na mwenye filamu fupi mara nyingi hayumo. Kutoka Nkoma ni basi hadi Dar es Salaam, boti hadi Unguja, malazi katika msimu ambao Mji Mkongwe umejaa watalii. Kwa hiyo anayekwenda hana budi kujua anafuata nini huko. Tuzo inaweza isije. Kinachopatikana kwa hakika ni watu: mpiga picha wa Kampala anayetafuta mradi, mhariri wa Nairobi aliyekabiliana na tatizo lile lile la sauti, mtayarishaji wa Ulaya anayetafuta mshirika wa Tanzania kwa ajili ya mfuko wa fedha unaodai mshirika kama huyo. Mazungumzo ya mgahawani Forodhani, kati ya onyesho la alasiri na la usiku, yanaweza kuzaa filamu nyingi kuliko semina. Mtu akienda na mpango wa filamu inayofuata, hata ukurasa mmoja, ana kitu cha kumwachia aliyevutiwa na ile ya kwanza. Wengi huenda na filamu iliyokwisha tu, na wanapoulizwa wana nini kingine hubaki na tabasamu.

Fedha za filamu ijayo ndizo faida kubwa inayochelewa kuonekana. Tamasha la Rotterdam lina Mfuko wa Hubert Bals tangu 1988, Berlin ina mfuko wake wa sinema za dunia tangu 2004, Durban ina soko la miradi tangu 2010, ambako waongozaji wa Afrika hukutana na wafadhili juu ya filamu ambazo bado ziko kwenye karatasi. Mifuko na soko hilo huuliza mwombaji ameshatengeneza nini na imeonyeshwa wapi. Mafunzo pia huambatana na matamasha. Maisha Film Lab, aliyoiasisi mwongozaji Mira Nair mwaka 2004 Kampala, imewafundisha vijana wa Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda, na baadhi ya warsha zake zilifanyika Zanzibar.

Katika kuwafuata watazamaji waliko, ZIFF ina jambo ambalo matamasha mengi ya Ulaya hayana. Kwa miaka mingi imepeleka filamu vijijini Unguja na Pemba, skrini ikafungwa uwanjani na watu wakaketi chini. Rwanda imefanya hivyo kwa ukubwa zaidi. Tamasha lililoanzishwa na Eric Kabera mwaka 2005, ambalo watu hulijua kwa jina la Hillywood, limepandisha skrini ya kujazwa hewa milimani na kuonyesha filamu za Kinyarwanda kwa wakulima. Huko Uganda, Amakula iliyoanza 2004 iliwapa nafasi watafsiri wa vibanda vya video, mavijei, waonyeshe ufundi wao mbele ya wageni. Huko Goma, mashariki mwa Kongo, katikati ya vita, Petna Ndaliko Katondolo na wenzake wa Yole!Africa wameendesha tamasha la Salaam Kivu. Simiyu ina viwanja, ina umeme, ina umati uliozoea kukesha kwenye mashindano ya ngoma. Skrini moja ya kutembea kati ya Bariadi, Lagangabilili, Maswa na Mwanhuzi ingegharimu sehemu ndogo tu ya bajeti ya sherehe nyingi zinazofanyika huko kila mwaka.

Kwa upande wa vibali, mwenye filamu kutoka Bara hukutana na mamlaka mbili. Mambo ya utamaduni si ya Muungano. Bara kuna Bodi ya Filamu, iliyotokana na sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ya mwaka 1976. Zanzibar kuna baraza lake la sanaa, sensa ya filamu na utamaduni, maarufu kama BASSFU. Filamu iliyopita upande mmoja haijapita upande wa pili. Tamasha kwa kawaida hushughulikia idhini ya maonyesho yake, lakini kibali cha kupigia picha ni jukumu la mtengenezaji, na asiyekuwa nacho anaweza kuulizwa baadaye, filamu ikishajulikana.

Yapo pia matamasha ya jina tu. Yana tovuti nzuri, huchukua ada kila mwezi, hutoa tuzo nyingi za kidijitali na hayana ukumbi. Njia ya kuyatambua ni kuuliza yalifanyika wapi mwaka jana, nani walikuwa majaji, na kama kuna mwongozaji aliyehudhuria anayeweza kusimulia. Shada la tuzo la tamasha lisilojulikana likibandikwa kwenye tangazo la filamu halimdanganyi mteuzi wa Rotterdam hata kidogo; humdokezea tu kwamba mwenye filamu hajui soko lake.

Baada ya tamasha huja ofa, na hapo makosa ya enzi ya DVD hurudi kwa urahisi. Haki za filamu hugawanyika kwa nchi, kwa lugha, kwa muda na kwa njia ya kuonyesha: ukumbi, televisheni, ndege, mtandao. Kila kipande kinaweza kuuzwa peke yake. Kituo cha televisheni kinachotaka kuonyesha filamu mara tatu kwa miaka miwili nchini Tanzania hakihitaji kumiliki haki za Kenya, wala za mtandao wa dunia nzima, wala milele. Tamasha lenyewe halinunui chochote. Nakala iliyopelekwa kwa ajili ya onyesho ni ya onyesho hilo tu. Kusajili kazi kwenye taasisi za hakimiliki, COSOTA kwa upande wa Bara na COSOZA kwa Zanzibar, humpa mtengenezaji karatasi ya kusimamia anapodai, na ni vyema jambo hilo likamilike kabla ya onyesho la kwanza, pamoja na mikataba ya maandishi na waigizaji, mpiga picha, mtunzi wa muziki, na mwenye hadithi kama ilitoka kwenye kitabu au kwa mzee wa kijiji. Mnunuzi makini huomba kuona karatasi hizo zote, na mwenye filamu asiyekuwa nazo hupoteza ofa hata kama ana Jahazi la Dhahabu mkononi.